Mteja wa Saa Tisa Alasiri

Chupa ya tatu kutoka kushoto haikuwa pale alipoiacha. Kiguu alisimama nyuma ya kaunta, kitambaa begani, akaitazama rafu kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kitasa cha mlango kimehamia upande wa pili. Jana alizipanga mwenyewe, chupa ishirini na sita, akazikariri kwa mdomo mpaka akazijua kama watoto wa kuwazaa. Leo zilikuwa zimepangwa kinyume, ya mwisho ikawa ya kwanza, na kila moja imegeuziwa uso ukutani.

Fundi, mkuu wa kaunta, aliingia na beseni la barafu. Akaitazama rafu, akamtazama yeye.

"Nilikwambia upange. Sikukwambia ucheze."

"Fundi, nilipanga. Na wewe uliniona."

"Niliyoyaona jana ni ya jana. Leo naona haya."

Kiguu akaanza kuzigeuza chupa upya. Kazi ile alikuwa ameitafuta miezi minne, na mwenye njaa hagombani na mpishi.

Jina la Kiguu alipewa na dada yake, kwa sababu tangu duka la vitambaa alimokuwa akiuza lifungwe, alikuwa kiguu na njia. Hakutaka kazi yoyote tu, alitaka kaunta. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu: mtu akinunua kitambaa mara moja, mwaka wa pili Kiguu alimtajia rangi yake kabla hajasema. Akaona mtu wa namna hiyo mahali pake ni nyuma ya kaunta, ambako kila mteja hupenda kukumbukwa. Lakini kila baa aliyoingia wimbo ulikuwa mmoja.

"Umefanya wapi?"

"Sijafanya. Nataka kujifunza."

"Basi ukishajua, urudi."

"Nitajuaje bila kufanya?"

"Hilo sasa ni lako."

Kuna baa moja ilitaka uzoefu wa miaka miwili kwa mtu wa kuosha glasi. Siku hiyo alifika nyumbani, akavua viatu, akavitupa ukutani kimoja kimoja. Dada yake aliviokota, akavipanga mlangoni.

Baa hii ya hoteli ndogo ndiyo pekee ambayo haikumuuliza alikotoka. Fundi alimtazama mikono tu, akasema, "Njoo kesho saa nane mchana. Tunafungua saa kumi na moja. Majaribio wiki tatu." Kiguu alifurahi hata akasahau kushangaa.

Na kazi, Fundi aliijua. Alimfundisha kuinamisha glasi ili bia isitoe povu tupu, kutanguliza barafu kabla ya kinywaji, kutumia kipimo na si jicho, kufuta kaunta kabla mteja hajaona tone. Alimwonyesha kioo kirefu kilichokuwa nyuma ya chupa. "Hiki si cha kujirembea," alimwambia. "Ni macho yako ya kisogoni. Hata ukimpa mteja mgongo, usimpoteze."

Lakini kila alichojifunza kiliharibika mkononi. Glasi alizozing'arisha mwenyewe zilikutwa na alama za midomo, alama za kijivu, kama aliyekunywa alikuwa ametafuna majivu. Kinywaji alichokipima sawasawa mteja alikitema, akasema kina chumvi. Fundi akikimimina hichohicho kutoka chupa ileile, mteja anakunywa na kushukuru. Kiguu alipima upya, akanusa, akaonja, akaosha vyombo vyote mara mbili. Usiku aliota vipimo. Asubuhi dada yake alimkuta jikoni akimimina maji kutoka kikombe hadi kikombe, machozi yamemjaa kwa hasira.

"Labda kazi hii haikutaki," dada yake alisema.

"Haijanipa hata nafasi ya kunikataa, dada. Kuna kitu kinaniharibia."

Alitamka hivyo kwa uchungu tu, lakini alipoyasikia maneno yake mwenyewe, alikiweka kikombe chini. Maana wiki ya pili alikuwa ameanza kusikia. Kila saa tisa alasiri Fundi huenda stoo, akafunga mlango nyuma yake, na baa hubaki tupu, viti vimejipanga. Ndipo hutoka kule mwisho wa kaunta sauti ya kitambaa kinachosugua glasi yenye maji, kwii, kwii, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima ya kungoja. Kisha huja harufu ya udi uliochomwa halafu ukamwagiwa maji.

Siku ya kumi na tatu alikuwa ameipa baa mgongo, anafuta chupa, alipoinua macho kwenye kioo akaona mteja ameketi kwenye kiti cha mwisho. Mwanamume, shati limefungwa vifungo hadi kooni, mikono juu ya kaunta. Kiguu akageuka kumwambia bado hawajafungua. Kiti kilikuwa kitupu. Akarudi kwenye kioo. Mteja alikuwapo, ila sasa kiti cha nne. Akageuka tena, hakuna mtu. Kwenye kioo, kiti cha pili. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, uso ambao ungeupita sokoni bila kuuona, isipokuwa midomo, iliyokuwa ya kijivu na haikufumbuka aliposema.

"Nipimie."

Kiguu alitaka kukimbia, lakini mkono wake wa kulia ulikwisha kushika chupa, ukainamisha, ukapima, ukamimina kwenye glasi ambayo hakumbuki kuiweka pale, na kinywaji kikaingia na glasi haikujaa, akapima tena na tena haikujaa, chupa ikaisha mkono ukaifuata nyingine, na ile sauti ya kitambaa ikawa sasa iko sikioni mwake, na harufu ya udi uliolowa imemjaa kooni hata hawezi kuita, na bega linamuuma kama anayetwanga tangu alfajiri, na ndani ya kioo yule mteja anasogea, anasogea, mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo kwa upande wa ndani.

Mlango wa stoo ukafunguka. Mkono wa Kiguu ukaanguka kama uliokatwa kamba. Chupa nne tupu zilikuwa zimelala kaunta, na glasi ilikuwa kavu.

Fundi hakutazama kiti. Hakutazama kioo. Alizitazama chupa, akasema kwa sauti ya chini, "Umemaliza?"

Hilo ndilo lililomtisha Kiguu kuliko yote. Fundi hakushangaa.

Usiku ule, baada ya kazi, walizungumza na dada yake kwa kunong'ona, taa imewashwa. Asubuhi wakamwendea mwalimu wa dini wa mtaani, naye akasikiliza kwa huruma mpaka lilipotajwa neno baa. "Mimi niingie humo? Watu wakiniona nikitoka, nitawaeleza nini?" Mganga waliyemwendea baada yake alitoa udhuru huohuo. Kiguu alicheka kicheko kikavu. "Hata waganga wananirudisha mlangoni, kama zile baa."

Aliyekubali ni mama mkwe wa dada yake, mwanamke mfupi aliyekuwa akitibu watu wenye mashetani tangu ujana. Aliingia baa kesho yake saa nane na nusu, na Fundi alipotaka kwenda stoo, alimkuta ameweka kiti chake kwenye mlango wa stoo.

"Kaa, mwanangu. Leo stoo huna unachokifuata."

Fundi akavuta kiti, akaketi.

"Umekaa naye miaka mingapi?" mama aliuliza.

"Kumi na moja," Fundi alisema, macho chini. "Aliyenifundisha kazi aliniachia huyu mteja pamoja na funguo. Aliniambia, ukimpa anayeanza, wewe anakupumzisha."

"Umempa wangapi?"

"Tisa kabla ya huyu. Mmoja mkono wake haukunjuki hadi leo."

Kiguu akaushika mkono wake wa kulia. "Ndiyo maana hukuniuliza nilikofanya kazi."

"Wenye uzoefu huuliza maswali," Fundi alinong'ona. "Anayeanza huona kila kitu ni kosa lake."

Wiki mbili za kuosha, kupima, kutukanwa na kujilaumu zilimpanda Kiguu kichwani kwa pamoja. Hofu ilikosa pa kukaa. Na hapo kwii, kwii, ikaanza kule mwisho.

Mama alisema upesi, "Sikiliza. Huyu hakumpanda mtu kichwani hata nimshushe. Amekuja kama mteja, na mteja huondolewa na mhudumu. Wewe Fundi, mteja akizidisha kunywa mnafanyaje?"

"Unageuza glasi yake juu chini mbele yake," Fundi alisema. "Unamwambia imetosha."

"Na wewe mbona hukumwambia?"

Fundi akakipa kioo mgongo.

Kwenye kioo mteja alikuwa amekwisha fika kiti cha kwanza. "Nipimie," alisema. Mkono wa Kiguu ukaenda kwenye chupa. Akaushika kwa mkono wa kushoto, akauvuta kama anayemvuta ng'ombe mkaidi, akaufikisha kwenye glasi iliyokuwa mbele ya kiti kile. Ilikuwa baridi hata ikamng'ata vidole. Akaigeuza, akaigonga juu ya kaunta.

"Imetosha. Hapa huhudumiwi tena. Si leo, si kesho, wala na mtu mwingine ndani ya baa hii."

Kioo kizima kikajaa ukungu. Viti vikatikisika kimoja baada ya kingine kuelekea mlangoni, na ile harufu ikapita, nzito, ikampita mama, ikasimama kidogo alipoketi Fundi. Fundi akajikunyata kama aliyemwagiwa maji. 

"Ametoka," mama alisema. Hakusema ameelekea wapi.

Fundi hakurudi kazini. Tajiri wa hoteli, aliyekuwa amechoka kutafuta watu, alimkabidhi Kiguu kaunta, na baada ya siku chache wateja walianza kukuta glasi zao zinawangoja kabla hawajaagiza. Mkono wake ulitulia. Alikuwa amefika alikotaka kufika.

Mwezi haukuisha, mke wa Fundi alikuja mchana, kanga imemlowa hadi magotini. "Twende, mdogo wangu," alisema. "Labda wewe atakusikia."

Fundi alikuwa ameketi mezani jikoni kwake, amekonda, anamimina maji kutoka jagi kwenye glasi moja. Sakafu ilikuwa kavu, na glasi pia. Kiguu aliishika kuigeuza. Ilikuwa kama imeota mezani.

"Imetosha," Kiguu alisema. "Hapa huhudumiwi tena." Mkono wa Fundi uliendelea kumimina. "Fundi, sema wewe. Mteja huyu ni wako, mimi hanisikii."

"Sijawahi kumkatalia," Fundi alisema. "Sijui nianzie wapi."

"Anzia kwenye neno lenyewe. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Alifumbua mdomo. Mara mbili alijaribu, na mara mbili haukutoka ila mvuke wenye harufu ya udi. Kisha akamtazama Kiguu kwa upole, vilevile alivyomtazama mikono siku ile ya kwanza.

"Kati ya wale wanaokuja kukuuliza kazi," alinong'ona, "hakuna hata mmoja asiyejua chochote?"

Kiguu alirudi nyuma hadi mlangoni, akatoka. Nyuma yake alimsikia mke akiburuta ndoo kutoka bombani, akijaza jagi tena.