Wavu wa Kuichota Roho

Rafiki yangu Buavanh, mwenye nyumba ya wageni mjini Luang Prabang, alikuwa akigeuza wali wa kunata jikoni alipoletewa habari: mgeni wake, kijana wa Kizungu, amezama kwenye maporomoko ya maji. Latsami, bintiye aliyempeleka, ametolewa hai.

Tangu hapo Latsami hakula wala kusema.

“Roho yake imebaki majini,” dada yake Buavanh akamwambia. “Utakaa unamtazama tu?”

Buavanh akachukua wavu wa samaki, kama wanavyofanya kwao, akaenda kuichota. Giza lilimkuta huko akiita, “Latsami, turudi nyumbani, wali umeiva,” na maji yakinguruma juu ya sauti yake. Mwisho ikamkauka. Jina halikutoka tena. Alibaki kusema “turudi nyumbani” tu, mpaka wavu ukawa mzito ghafla.

Mlangoni akauliza, “Amekuja?”

“Amekuja,” dada yake akajibu kama ilivyo desturi. “Ingia, umelowa kama bata.”

Chakula kikatengwa. Mume, dada, binti: wote walikuwepo mkekani, na Latsami ameketi wima.

“Kata tonge, mama,” baba yake akambembeleza.

Latsami akautazama wali, akatabasamu kwa adabu.

“Samahani,” akasema, “mna uma?”