Mama Mkwe Alitunyooshea Mikono

Mume wangu alimtoa mama yake mzazi nje mchana kweupe, majirani wanatazama, na mimi nimeshikilia mlango nisianguke...

"Toka kwangu kabla hujammaliza mke wangu," Sostenes alimwambia.

Mama Nyamizi hakubishana. Alinyoosha mikono mbele yetu, inatetemeka hadi bangili zinagongana.

"Mwanangu, nitazame. Hata mimi."

Watu wakaguna. Jirani mmoja akasema mnaona, uchawi umemrudia mwenyewe.

Jamani, msinihukumu bado. Nisomeni mpaka mwisho, halafu mseme.

Naitwa Dorah, ukipenda Mama Boaz. Tunaishi Buseresere, mume wangu ni mchimbaji wa dhahabu.

Ugonjwa wangu ulianza mikononi. Nachota uji, kijiko kinacheza.

Mara mdomo ukawa na ladha ya chuma, kama nimelamba msumari. Fizi zikaanza kutoa damu, usingizi ukanihama, nikawa nabandika maharage nasahau kama nimebandika.

Siku niliyomdondosha Boaz wangu, hata kutembea hajajua, nililia mpaka sauti ikakauka. Nilichokuwa nakitaka duniani ni kimoja tu, nimbebe mwanangu bila kuogopa.

Zahanati wakasema malaria. Kwingine wakasema taifodi, kwingine vidonda vya tumbo. Nikapima hadi ule ugonjwa mkubwa, sina.

Nimemeza vidonge mpaka nikivinusa tu natapika. Vipimo vinasema mzima, mimi najiona naisha.

Wapendwa, hakuna kinachochosha kama kuumwa kitu kisicho na jina. Hata mashoga zangu wakaanza kusema Mama Boaz anadeka.

Ndipo Sostenes akanipeleka kwa mganga. Mganga akasema adui yangu yumo ndani, analala karibu na moto.

Haya, nani mwingine? Nyumba yetu ni chumba kimoja na jiko, na kitanda cha mama mkwe kilikuwa jikoni. Usiku halali, anaongea peke yake. Halafu macho yake mekundu, na huku kwetu bibi mwenye macho mekundu hukumu yake ilishatoka zamani.

Mama wa watu akarudi kwao Didia na kifurushi chake cha khanga.

Nikasubiri kupona... Wapi! Nikazidi. Ikafika mahali nanyweshwa maji kama mtoto.

Kaka yangu Theonest akasema basi, waganga imetosha, akatubeba mimi na Sostenes hadi hospitali kubwa. Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Hakukimbilia sindano, aliniuliza kwanza mume wangu anafanya kazi gani. Nikamwambia.

"Dhahabu mnachomea wapi?"

Nikamwambia jikoni, kama watu wote. Sostenes akija na dhahabu yake imeshikana na zebaki, tunafunga mlango na dirisha, watu wasijue kapata. Boaz tunampeleka kwa jirani, moto usije ukamuunguza. Mimi ndiye nakaa kwenye jiko la mkaa, napepea mpaka zebaki iishe ibaki dhahabu tupu.

"Haiishi, dada. Inageuka hewa, na hewa hiyo unaivuta wewe."

Wakapima mkojo wangu. Zebaki imejaa mwilini.

Nililia, ila nusu ya machozi ilikuwa ahueni. Ugonjwa wangu una jina!

Kisha daktari akauliza kama kuna mtu mwingine analala jikoni pale.

Nikasema hakuna... Sikumaliza. Nikamtazama Sostenes, na yeye keshaziba uso kwa viganja. Wote wawili tulikuwa tunaiona ile mikono.

Kesho yake tukaenda Didia. Tulimkuta wifi yangu Serafina anamlisha mama uji, maana kikombe hakikai tena mkononi mwake.

Sostenes akapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Watokea wapi?"

Hakumjua. Mwanawe wa kumzaa, hakumjua!

Nikajibu mimi, nikasema tunatoka Buseresere. Mama akachangamka kidogo.

"Mkirudi huko, niulizieni mkamwana wangu, mke wa Sostenes. Nilimwacha anaumwa sana."

Nilikuwa nimekaa pale pale, nimemshika mkono. Wangu unatetemeka, wake unatetemeka.

Tulipanga kumpeleka hospitali asubuhi. Asubuhi hakuamka.

Tumemzika Jumamosi. Mimi naendelea na matibabu, mikono imeanza kutulia, na jana nimembeba Boaz kutoka kitandani hadi mlangoni. Sostenes hataki hata kuingia jikoni. Anakaa nje.

Wenzangu wake wa wachimbaji, dhahabu isichomwe mnapopikia wala mnapolala. Waambieni waume zenu, wakigoma tokeni na watoto.

Na kabla hujamwita mtu mchawi, muulize kwanza, "Na wewe unaumwa?"

Sisi hatukumuuliza, na alishatunyooshea mikono.