Ukuta Uliogongwa na Lori la Jeshi

Mwoka mikate alikuwa na jiko lake nyuma ya nyumba, kando ya barabara iendayo kambi ya jeshi. Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Kabla ya kufungua karakana yake, alimsaidia mkewe kukanda unga. Walitaniana sana. Mke alisema mikono ya mumewe inajua grisi kuliko unga, na mume alijibu kwamba ndiyo maana mikate ile haikwami kooni.

Asubuhi moja, lori la jeshi lilirudi nyuma ili kulipisha gari la wagonjwa. Likagonga ukuta wa jiko. Ukuta uliangukia tanuri, na tanuri likapasuka. Hakuna aliyeumia, kwa sababu mke na mume walikuwa mbele ya nyumba wakiwahudumia wateja. Dereva, askari kijana, alishuka akaomba radhi. Lakini msafara wa magari ulikuwa safarini, naye akaamriwa apande waondoke.

Mdogo wa fundi, mpiga picha za harusi, alikuwa hapo akinywa chai. Alirekodi yote kwa simu. Video ilionyesha ukuta ulioanguka na namba ya lori. Ilionyesha pia masanduku yaliyokuwa chini ya turubai, na njia ambayo msafara ulishika.

Bila tanuri hakuna mkate. Mwoka mikate alikaa juu ya tofali, akashika tama. Mumewe alimshauri asamehe tu, maana mwenye nguvu mpishe.

"Nani atamshtaki mwenye bunduki?" aliuliza.

Mpiga picha alikuwa na wazo jingine. Alitaka kuisambaza video nzima mtandaoni, jeshi liaibike.

Jirani yao alikuja kusaidia kuondoa kifusi. Mtaa mzima ulimwita Sajini, kwa kuwa mama huyo alilitumikia jeshi hadi alipostaafu. Sasa alifuga kuku. Aliomba kuiona ile video. Alipomaliza, alimsihi mpiga picha asiitume.

"Kumbe unawatetea wenzako," mpiga picha alisema.

"Nawatetea, na shemeji yako namtetea pia," Sajini alijibu bila kukasirika. "Ukuta umevunjwa. Hilo mwambie umtakaye, hata gazetini. Kudai haki si kosa. Lakini mzigo wa jeshi na njia yake ni siri. Sheria inakataza kuitangaza, kwa sababu adui naye ana simu. Na mle ndani ya magari kuna watoto wa watu."

Fundi aliuliza kama kweli jeshi linaweza kushtakiwa. Sajini aliweka chini karai la kifusi.

"Jeshi haliko juu ya sheria, baba. Sheria ndiyo iliyompa askari bunduki. Hiyohiyo ndiyo inayomwambia lini aitumie na amtii nani. Likiharibu mali ya mwananchi, linapaswa kufidia. Wananchi wakiliogopa jeshi lao, siku wakimwona adui hawatasema. Hapo nchi haina usalama tena, hata iwe na vifaru vingapi."

Basi wakaenda kambini wote wanne. Langoni, fundi alijificha nyuma ya mkewe, na mkewe akamwambia amshike basi upindo wa kanga asipotee. Afisa wa sheria wa kambi aliwapa viti. Aliwasikiliza, akaitazama video, akachukua nakala iwe ushahidi. Akaeleza kwamba dereva atahojiwa kwa mujibu wa sheria za jeshi, na kwamba wasiporidhika na fidia, mahakama iko wazi. Mchana huohuo alikuja mwenyewe kupima ukuta.

Msafara uliporudi, askari walifika na saruji, mchanga na matofali ya tanuri jipya. Dereva yule alikuwa miongoni mwao. Mpiga picha alimpa maji ya kunywa, akamuuliza safari ilikuwaje. Dereva alisema barabara ile ni moja tu, na maadui huwavizia watu njiani.

"Safari hii hawakujua tunakuja," alisema. "Ndiyo maana niko hapa."

Mpiga picha akatoa simu mfukoni, akaifuta ile video.

Jioni, mwoka mikate alikagua kazi. Alivuta uzi toka pembe hadi pembe, akafumba jicho moja. Tanuri lilikuwa zuri, tena kubwa kuliko la kwanza. Ila ukutani, mstari mmoja wa matofali ulikuwa umepinda.

"Mwanangu, huu ubomoe uujenge upya," alimwambia dereva.

Fundi alikohoa, akamkanyaga mkewe mguu kwa siri. Lakini dereva alisimama wima, visigino pamoja.

"Ndiyo, afande," alisema, akashika mwiko na kuanza kubomoa.