Birika Linalovuja

Jumamosi ile soko la Maili Moja, Kibaha, lilifurika watu. Swaumu, muuza mimea, ndani ya gauni la kitenge la njano, alikuwa akipanda mmea wa majani manene kwenye bakuli kuukuu la bati, kijana mrefu wa shati jeupe aliposimama mbele yake na birika mkononi.

"Dada, na hili unaweza kulipandia mmea? Linavuja."

"Kuvuja ndiyo uzuri wake, kaka. Maji yakituama mizizi inaoza. Umeliokota wapi?"

"Sijaliokota. La marehemu mama yangu. Kulitupa nimeshindwa."

Swaumu akaacha mzaha, akalipokea kwa mikono miwili.

Kijana aliitwa Pazi, seremala wa Kisarawe. Alipokuja kulichukua, Swaumu alimpa masharti: maji kidogo kila wiki mbili, na udongo asiuguse mwaka mzima. Pazi akaondoka na masharti pamoja na namba ya simu.

Miezi minne simu hazikukatika.

"Mmea wangu haujambo, mpenzi?" Swaumu aliuliza siku moja.

"Umenenepa kunizidi. Wenyewe unapata maji, mimi nakufa na kiu yako."

"Muongo mkubwa! Siku ukinichoka usiutupe. Nirudishie birika tu, nitaelewa."

"Utangoja sana, mamaa."

Ndipo Pazi akafanya utani wa kijinga. Alichukua pete ya fedha ya mama yake, akaifukia ndani kabisa ya udongo, kisha akamtuma dada yake Kudra alipeleke birika Kibaha na ujumbe mmoja: "Kaka anasema badilisha udongo, halafu umpigie." Ile kauli ya kurudishiwa birika alishaisahau. Swaumu hakuisahau.

Aliutazama mmea. Mzima, hauna hata jani lililolegea. Kubadilisha udongo ya nini, na Pazi alifundishwa kwamba mwaka haujafika? Basi amenichoka, akawaza, na hata kusema ameshindwa. Alilia mpaka macho yakavimba, akaiblock namba yake. Pazi alipiga siku tatu bila kumpata, akaamini pete imeonekana na imekataliwa. Kwenda kumuuliza aliona ni kujidhalilisha. Wajinga wawili, na wote walikuwa wanapenda kweli.

Mwaka ulipotimia, mizizi ilichungulia kwenye tundu la birika. Swaumu akalipindua juu ya gazeti, akapukuta udongo. Pete ikadondoka.

Alipiga simu vidole vikiwa na udongo.

"Pazi, nimeiona pete. Leo, sasa hivi! Wallahi sikuwahi kubadilisha udongo."



"Swaumu, nilioa mwezi wa Shaabani."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Na wewe kwa nini hukuniuliza?"

 Roho ilimuuma Swaumu kuliko siku ile birika liliporudi.

"Mtume Kudra aje aichukue," akasema mwishowe. "Ni ya mama yenu. Mkeo ndiye wa kuivaa."

"Na birika?"

"Birika niachie, Pazi. Tafadhali."

Kabla Kudra hajafika, Swaumu aliijaribu pete, mara moja tu, aone. Ilimkaa sawasawa, kisha ikagoma kutoka. Kudra alipopiga hodi alimkuta bombani, analia, mikono imejaa povu la sabuni.