Mnara wa Mlima Cuervo

Pale walipokuwa haikunyesha hata tone. Mvua ilinyesha huko milimani, chini ya wingu jeusi ambalo naibu sherifu Marisela Bustos aliliona na kulipuuza, kwa sababu alikuwa amekasirika na alitaka kufika kituoni. Gari la doria lilikuwa katikati ya korongo kavu ukuta wa maji ya tope ulipochomoza kwenye kona, umebeba mawe na vichaka vilivyong'oka. Ukalipiga gari ubavuni na kulibeba kama kopo tupu.

Lilikwama kwenye mwamba, likalala upande. Marisela alijipenyeza dirishani, akawa nje, mzima.

"Afande," sauti ikaita kutoka kiti cha nyuma, ng'ambo ya wavu wa mahabusu. "Maji yamenifika kifuani."

Alikuwa Denny Crabtree, aliyekamatwa asubuhi hiyo chini ya Mlima Cuervo, pikapu yake imejaa nyaya za shaba alizozing'oa kwenye mnara wa redio wa polisi. Marisela alivunja kioo kwa rungu, akamshika ukosi na kumvuta huku akimtukana kwa Kispanyola. Waliporukia mwamba, mguu wa kushoto wa Marisela ulitua vibaya. Alikisikia kifundo kikilia.

Jangwa lilikuwa limeshayanywa maji yale kabla jua halijashuka. Dumu la maji na sanduku la dawa vilikuwa vimekwenda na mkondo. Ilibaki chupa moja, nusu. Marisela alibonyeza redio ya begani tena na tena. Kimya.

"Unasikia?" alimuuliza Denny. "Hiyo ndiyo kazi yako. Tukifia hapa, utakuwa umejiua mwenyewe kwa koleo."

"Mnara ulikuwa umekufa nilipoufikia. Hata taa yake haikuwaka."

"Nyamaza."

"Nasema tu ukweli, afande."

"Nimesema nyamaza."

Walichota tope lililobaki kwenye mashimo ya mwamba, wakalichuja kwa shati la Denny na kujaza chupa. Usiku wakalala wamepeana migongo, kwa baridi tu, si kwa urafiki. Marisela alikuwa na uhakika wa jambo moja: askari asipoitika zamu nzima, kituo kizima hutoka kumtafuta.

Jua lilichomoza, likapanda, likaanza kuwakaanga. Hakuna aliyekuja. Wakaanza kutembea kuelekea nyumba ya Idella Pruitt, bibi aliyekaa peke yake upande wa magharibi wa bonde. Marisela alimfungua Denny pingu mkono mmoja ili amwegemee begani. Kila hatua ilimchoma mpaka kwenye nyonga. Midomo ilipasuka. Mawe yalichoma kupitia soli.

Kabla ya adhuhuri waliona helikopta. Ilikuwa mbali mno, nukta inayozunguka juu ya Vista Serena, kule kwenye nyumba mpya zenye majani mabichi na mabwawa ya kuogelea. Ikazunguka, ikazunguka, ikarudi kusini.

Denny alicheka, kicheko kikavu. "Wanamtafuta mbwa wa mtu."

Marisela aliifuata nukta ile kwa macho mpaka ikapotea. Alikuwa akikumbuka mikutano ya kituo, Kapteni Whitlock akionyesha ramani: gari hili Vista Serena, na lile Vista Serena, na nyuma ya milima, askari mmoja akipatikana. Wilaya ni moja, alizoea kusema kapteni. Hasira yake, aliyokuwa amemwelekezea Denny tangu jana, ilianza kugeuka, ikitafuta mtu mwingine.

Jua lilipoanza kuinama, mguu ulikataa kabisa. Marisela alianguka kwenye kivuli chembamba cha mwamba, hakuinuka. Denny alisimama akimtazama, kisha akaitazama chupa. Kilichobaki ndani hakikuzidi funda chache. Akaichukua.

"Denny."

"Nakwenda."

"Iache hiyo chupa."

"Nikiiacha sifiki."

Akaondoka nayo, pingu ikining'inia mkononi, hakugeuka nyuma. Marisela alimpigia kelele za matusi mpaka koo likakauka na sauti ikakatika. Alishika bastola, akamlenga mgongoni. Akaishusha. Alimchukia kwa kuondoka, akajichukia kwa kumfungua, na zaidi ya yote alikichukia kituo ambacho hakikuwa hata na mtu wa kuuliza, Bustos yuko wapi? Hasira ile ndiyo iliyomweka macho. Kila kope zilipolegea, alimkumbuka Whitlock na ramani yake, nazo zikafunguka.

Mwishowe zikamshinda; akazinduka kwa mlio wa injini. Pikapu kuukuu ilisimama, akashuka bibi mrefu aliyevaa kofia ya majani na buti za kiume. Idella Pruitt alimwinua Marisela kichwa, akamtilia maji mdomoni kidogo kidogo.

"Polepole, mwanangu. Utayatapika."

"Yuko wapi?"

"Barazani kwangu, kalala kama gunia. Nilimtolea bunduki kwanza. Mtu anatokea jangwani na pingu mkono mmoja, ungefanya nini wewe?"

"Ulimlazimisha aseme?"

Idella alifunga kizibo cha chupa. "Alisema kabla hajashika kikombe. Chini ya mwamba mwekundu, askari, mguu mbovu. Ndipo akanywa."

Marisela alifumba macho. Walipokuwa njiani alisema, kama anayejitetea, "Ndiye aliyekata nyaya za mnara. Ndiyo maana sikuweza kuita."

"Nani kakwambia? Mnara ule haujasema neno tangu majira ya baridi ya mwaka jana. Nimepiga simu kituoni mpaka wananijua kwa sauti. Kila mara, tunalifanyia kazi, mama." Idella aliikazia macho njia, akikwepa mawe. "Mume wangu Harlan aliposhikwa na moyo, niliita kwa redio ya nyumbani mpaka kikapoa kiganja chake. Ndipo nikaiacha."

Marisela aliitazama redio yake ya begani.

Idella alimfikisha Marisela nyumbani kwake na kumlaza kwenye kochi, kisha akaendesha hadi kwenye lami ambako simu hushika. Kapteni Whitlock alifika na magari matatu, sare imenyooshwa, akapiga goti kando ya kochi.

"Tumshukuru Mungu, Bustos. Tulikuwa tunakutafuta."

"Helikopta ilikuwa Vista Serena."

"Kulikuwa na wizi huko. Pampu za mabwawa." Akamgeukia Denny. "Na huyu alitaka kukuua. Kuharibu mawasiliano, kumtelekeza askari. Nitamfunga miaka."

"Aliiba shaba," Marisela alisema. "Andika shaba. Mnara mliuua nyinyi, mkaacha watu wakiita. Nitalisema hilo mbele ya hakimu, na mbele ya yeyote atakayeniuliza."

Whitlock alipunguza sauti. "Umechoka, na una homa. Sherifu anagombea tena mwezi ujao. Haya si maneno ya kupeleka nje, hasa sasa. Watu wa huku nyuma ya milima wenyewe ni wangapi?"

Marisela alijiinua kwa viwiko, mguu ukimlilia, akamwonyesha kapteni kwa kidevu bibi aliyesimama mlangoni na jagi la maji.

"Muulize. Ana kura."

Idella alimtazama kapteni, bila kumkaribisha kiti.

"Na Harlan alikuwa nayo," alisema.