Usinisubiri, Lyle

Kimbunga kilikuwa kinatarajiwa kesho yake, na mji mzima wa Norfolk ulikuwa umehamia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tochi zilikuwa zimekwisha, betri zimekwisha, na foleni ya mbao ilizunguka mpaka kwenye makopo ya rangi. Nje, kwenye maegesho, Rosalind Achterberg alisimama kando ya gari lake dogo la bluu, ovaroli yake ya kijani ya urubani imeloa jasho mgongoni, akilitazama pande la plaiwudi lililolishinda gari kwa ukubwa.

"Ukilikunja mara nne litaingia," sauti ya kiume ilisema nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa jamaa mweusi, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kamba nzito, kofia yake imepauka kwa chumvi ya bahari. Mdomo haukucheka. Macho ndiyo yaliyokuwa yanacheka.

"Na wewe ukiyakunja maneno yako mara nne yatarudi mdomoni," Rosalind alimjibu.

"Haya, yameshaingia. Nina pikapu pale. Unakaa wapi?"

"Simwambii mtu nisiyemjua ninapokaa."

"Mimi naitwa Lyle Faulcon. Sasa unanijua. Tukiendelea kujuana hapa, mbao zitanyeshewa."

Ndivyo ilivyoanza. Lyle alizibeba mbao, akashika nyundo, wakaziba madirisha ya nyumba ya Rosalind pamoja mpaka jua likaelekea kuzama. Rosalind alimweleza kwamba yeye ni rubani wa ndege za kivita za jeshi la majini, na kesho asubuhi ataipeleka ndege yake bara, mbali na upepo. Lyle naye alikuwa nahodha wa boti ya kusukuma meli bandarini. Zile manowari kubwa za kubeba ndege haziwezi kujitoa zenyewe gatini. Husukumwa kama ng'ombe mkaidi.

"Kwa hiyo kesho wewe unakimbia kimbunga, mimi nakingojea," Lyle alisema.

"Naikimbiza mali ya serikali. Ingekuwa hiari yangu ningebaki."

"Ungebaki na nani?"

Rosalind akapiga msumari, ukapinda.

Kimbunga kilipita, madirisha yakasalimika, lakini mbao zilikaa wiki mbili bila kung'olewa kwa sababu kila Lyle alipokuja kuzing'oa walijikuta wamekwenda kula chaza. Mapenzi yao yalikuwa ya utani mwingi. Rosalind alikuwa binti wa wakulima wa Iowa, mweupe hadi mishipa inaonekana, na siku ya kwanza alipopelekwa nyumbani kwa mama yake Lyle alivaa gauni la rangi ya haradali na viatu virefu, akateleza kwenye ngazi. Mama mkwe mtarajiwa akamtazama pale chini akasema, "Huyu ndiye anayetua ndege?" Nyumba nzima ikaangua kicheko, na Rosalind akacheka kuliko wote.

Jioni moja Lyle alimuuliza, "Kutua kwenye meli usiku kukoje hasa? Niambie kama mtu mzima."

"Zima taa za mtaa huu wote," Rosalind alisema, kichwa chake kiko kwenye paja la Lyle. "Toka nje, anza kukimbia. Halafu, ukiwa bado unakimbia, tunga uzi kwenye sindano. Na sindano nayo inatembea."

"Ukikosa?"

"Natia moto wote wa injini, naruka tena, nazunguka, narudi."

"Na ukikosa tena?"

"Lyle, nikune kichwa."

Akamkuna. Lakini swali halikuondoka. Lilikaa nao mezani, likalala nao, na usiku wa mwisho wa Januari, manowari ikiwa inajiandaa kwenda bahari za mbali, likatoka.

Rosalind alikuwa anakunja soksi. Lyle alisimama mlangoni pa jiko, kikombe cha kahawa kimepoa mkononi.

"Ukianguka, nani ataniambia?"

"Usianze."

"Nauliza tu. Watu wa jeshi watakwenda kwa mama yako Iowa. Mimi nitasikia kwenye televisheni nikiwa nakula mkate. Mimi kwako ni nani, Roz?"

"Kama huwezi mambo haya, sema huwezi."

"Sijasema siwezi."

"Umesema. Umetumia maneno mengine tu."

Lyle aliweka kikombe chini. Alikuwa mmoja wa wale watu ambao wakiumizwa maneno huwakimbia. Alimbusu kwenye paji la uso, akachukua koti lake. Alfajiri aliisukuma manowari kutoka gatini, ukungu umetanda, huku akijua kwamba Rosalind hayumo ndani. Marubani huifuata meli kwa ndege zao ikishafika baharini. Hata hivyo aliisukuma polepole.

Miezi ikapita. Waliandikiana, na mara mojamoja simu ya meli ilipopatikana walizungumza, sauti zikichelewa njiani na kugongana.

"Umekula?" Lyle angeuliza.

"Nimekula. Kuku yuleyule. Nadhani ni mmoja, anafufuka."

"Nina... wewe anza."

"Hapana, anza wewe."

"Nimekukumbuka, ndiyo nilitaka kusema. Umelipia simu nzima kwa hilo."

Mazungumzo yakiisha Rosalind alikuwa anabaki ameishika simu, mpaka aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akohoe. Kitandani, chini ya sitaha ambako ndege zilitua kwa kishindo juu ya kichwa chake, alijaribu kukumbuka harufu ya Lyle, ile ya sabuni na dizeli, na ilikuwa inamponyoka kama jina la mtu wa zamani. Mwenzake wa karibu melini alikuwa Hollis Brandvold, rubani wa kikosi chake, mtu wa utani na nyimbo za kanisani, ambaye kila wiki alimsomea barua za mkewe Jolene kwa sauti ya kuigiza.

Katikati ya mwezi Mei, usiku usio na mwezi, Rosalind na Hollis walikuwa wanarudi melini. Hollis alikuwa mbele. Rosalind, akisubiri zamu yake juu kwenye giza, aliziona taa za ndege ya Hollis zikishuka, zikagusa sitaha. Kulabu ya mkiani ikanasa waya wa kusimamishia ndege, kama ilivyotakiwa. Kisha waya ukakatika. Ndege ikaendelea kwenda, polepole mno kuweza kuruka, kwa kasi mno kuweza kusimama, ikafika ukingoni na kuzama. Kiti cha rubani cha kujirushia nje kiliwaka cheche moja tu, kikiwa tayari kimeelekea majini.

Redioni kulikuwa na kelele, kisha hakukuwa na kitu. Halafu sauti ya mwelekezaji wa sitahani, tulivu mno: "Wote walioko juu, subirini. Tazameni mafuta yenu."

Walisubiri. Ndege ya mafuta ikamjaza Rosalind mara moja hukohuko angani, baada ya kukosa bomba mara mbili. Helikopta zilizunguka chini zikimulika maji. Nchi kavu ilikuwa mbali mno. Palikuwa na pahali pamoja tu pa kutua duniani, na ni palepale.

Zamu yake ilifika. Akaitafuta taa ya njano, ile inayomwambia rubani kama yuko juu mno au chini mno. Akaiona, ndogo kama punje. Akashuka. Taa ikapanda ghafla, magurudumu yakagonga, kulabu ikapita juu ya nyaya zote bila kunasa. Akatia moto wote, akatupwa tena gizani.

"Hakuna neno," mwelekezaji alisema. "Zunguka uje."

Mara ya pili ikawa vilevile. Mafuta yalibaki ya kujaribu tena, labda na mara nyingine moja. Hapo ndipo akamfikiria Lyle, si uso wake, bali yule Lyle wa mbele ya televisheni na mkate mkononi. Uchungu ukamjaa kuliko hofu.

"Karibu nyumbani," sauti ya mwelekezaji ilisema sikioni mwake. "Usiifukuze taa. Iache ikae. Mimi nipo."

Akaiacha ikae. Kishindo, mikanda ikamkata mabegani, na ndege ikasimama. Mabaharia wawili wakamshusha ngazi wamemshika kwapani kama bibi harusi mlevi.

Hollis hakupatikana.

Mtandao wa meli ulifungwa, kama unavyofungwa kila yanapotokea mambo kama hayo, ili familia ya marehemu isikie kwanza kwa njia ya heshima. Ulipofunguliwa, Rosalind alikaa mbele ya kompyuta. Alimkumbuka Lyle mlangoni pa jiko. Nani ataniambia. Mtu aliyeuliza vile hakustahili kulazimika kuuliza mara ya pili. Akaandika: "Mimi ni mzima. Hollis amekufa. Ulisema kweli usiku ule. Usinisubiri, Lyle."

Jibu lilikuja siku iliyofuata, neno moja: "Sawa."

Alilisoma mpaka likapoteza maana. Tangu hapo hakuandika, na hakuandikiwa. Aliruka usiku, akatua usiku, akala yule kuku.

Mwanzoni mwa Agosti wakarudi. Desturi ni kwamba marubani huruka nyumbani siku moja kabla ya meli kufika, lakini injini ya ndege ya Rosalind ilikuwa imekataa, ikabidi arudi na meli. Hivyo asubuhi ile alisimama ukingoni mwa sitaha pamoja na mabaharia, amevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikatoka mistari, gati mbele yao limejaa watoto, mabango na wake waliovaa magauni mapya. Akatazama chini. Kwenye ubavu wa manowari boti ilikuwa imekandamiza pua yake, moshi unatoka, na juu yake nahodha mwenye kofia iliyopauka. Nahodha alitazama kazi yake tu. Kwa hesabu zake Rosalind alikuwa ametua jana na hakupiga simu.

Rosalind alishuka gatini, akapita katikati ya watu waliokuwa wanakumbatiana, akatembea juani mpaka kwenye gati la boti. Lyle alikuwa anakunja kamba. Alipomwona alisimama, kamba ikamwanguka miguuni.

"Luteni," alisema.

"Usiniite hivyo."

"Nilidhani mmeruka jana."

"Ndege yangu imekataa. Umenisukuma mwenyewe leo asubuhi."

Lyle akaigeukia manowari, akaitazama kama mtu aliyeibiwa. "Ningejua ningesukuma taratibu."

"Kwa nini ulisema sawa?"

"Ulitaka niseme nini? Mtu yuko baharini, amepoteza rafiki, ananiambia usinisubiri. Nimbishie?"

"Ndiyo. Nilitaka unibishie."

Lyle alikaa kwenye ukingo wa boti. Alipoanza kusema hakumtazama.

"Televisheni ilisema rubani mmoja amekufa, jina halikutajwa. Nikapiga simu kituoni kwenu. Wakaniuliza, wewe ni ndugu yake? Nikasema hapana. Wakasema, pole bwana, hatuwezi kukuambia kitu. Siku hizo sikuwa mtu, Roz. Nikaendesha gari mpaka mtaa wa akina Jolene, maana ndiye mke wa rubani pekee niliyejua nyumba yake. Nikaliona gari la jeshi mlangoni, na kasisi anashuka. Na mimi nikamshukuru Mungu. Unanisikia? Mwenzangu anapiga yowe ndani, mimi nimekaa kwenye pikapu nashukuru. Halafu ukaniandikia nisikusubiri. Nikaona ndiyo adhabu yangu, nikasema sawa."

Rosalind alivua kofia yake nyeupe.

"Usiku ule ulipouliza nani atakuambia, nilidhani unatafuta mlango wa kutokea."

"Nilikuwa natafuta wa kuingilia. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Maneno yakatoka kichwa chini."

Mahali fulani gatini bendi ilikuwa inapiga, na mtoto alikuwa analilia puto.

"Sitaacha kuruka," Rosalind alisema. "Wameniambia nikae nchi kavu nifundishe. Nimekataa. Kwenye kikosi wamekuja vijana wapya wawili, na mmoja wao atakaa kwenye nafasi ya Hollis. Siwezi kumwacha aende peke yake gizani."

"Nimekuambia uache?"

"Hapana. Nataka ujue unachokubali kabla sijakuuliza."

"Kuniuliza nini?"

"Siku wakija na gari lile, waje kwako kwanza. Wagonge mlango wako, si wa mtu mwingine. Nioe, Lyle."

Lyle alifuta viganja kwenye suruali, mara moja, mara mbili, grisi ikazidi kuenea.

"Nimesikia posa nyingi," alisema hatimaye. "Hii ndiyo ya kutisha kuliko zote."

"Sina nyingine."

"Basi nimekubali hiyohiyo." Lyle akageuza uso kuelekea majini.

Redio ya boti ikakoroma: kulikuwa na meli ya shehena inaingia, Faulcon yuko wapi. Lyle aliichukua. "Nipeni dakika kumi."

"Za nini?"

"Nimeposwa."

Redioni mtu mmoja akacheka, na wa pili akapiga honi. Rosalind alikuwa ameshapanda botini, amekaa juu ya rundo la kamba na sare yake nyeupe. Lyle alitaka kumwambia kwamba pale pana grisi, akaona haina maana tena. Akakaa karibu yake.

"Naogopa," Rosalind alisema, taratibu, kama anayejaribu neno la lugha ngeni. "Usiku. Kila usiku, tangu wa kwanza, kabla hata ya Hollis. Sijawahi kumwambia mtu."

Lyle aliufunika mkono wa Rosalind kwa mkono wake mpana, wakakaa hivyo, mpaka redio ikaita tena.