Mbegu Isiyochanganywa

Kitenganuzi, mashine ya kuzalisha mbegu za uzazi, kilikuwa kikinguruma taratibu, na Daktari Ambakisye alikitazama kama mtu anayetazama gari lake jipya. Ndani ya kioo, seli ya ngozi iliyokwanguliwa mkononi mwa mwanamume asiye na mbegu ilifanya kazi ambayo mwili wake ulishindwa. Kromosomu zake arobaini na sita zilikuwa zimekwisha kujinakili. Kila iliyotoka kwa baba ikajilaza ubavuni mwa jozi yake iliyotoka kwa mama, zikabadilishana vipande, kisha zikaachana. Seli mbili zilizopatikana zikagawanyika tena, zikawa nne, kila moja na kromosomu ishirini na tatu tu, tayari kulelewa ziwe mbegu za kiume. Mji mzima wa Tukuyu ulimwita Ambakisye mkombozi, naye hakuwahi kulikataa jina hilo.

Atupele aliingia bila kubisha hodi. Mimba yake ya miezi minne ilitoka kwenye mashine hiyo hiyo. Alimtupia mezani majibu ya kipimo cha ukoo, ambacho siku hizi kila mjamzito hufanyiwa, damu ya mtoto ikilinganishwa na ya ukoo wa mume. Yalisema baba wa mtoto ni Mzee Mwaisumo, baba mkwe wake. Na kwa hesabu hiyo Lugano, mumewe, ni kaka wa mtoto huyo kwa baba. Asubuhi ile Lugano alikuwa amemtolea nguo zake nje, majirani wakitazama, akimwita malaya wa baba yake.

Ingekuwa kichekesho kama isingekuwa unyama. Kwa mila ya kwao, mke hamkaribii baba wa mumewe. Miaka sita Atupele alikuwa akikatiza migombani wasikutane njiani, na akisikia kikohozi cha mzee alijifunika khanga usoni. Hata sura yake hakuijua vizuri.

"Sema ulichofanya, daktari."

Ambakisye alizungukazunguka. Alisema vipimo hukosea, akasema kliniki za siku hizi zimejaa wazembe. Mwishowe akamtupia lawama mteja wake, na safari hiyo alisema kweli: Lugano ndiye aliyetaka. Mama alimtoroka Lugano angali mtoto, naye Lugano akaapa kwamba hata chembe ya mwanamke yule haitaonekana kwa mwanawe. Basi Ambakisye, kinyume cha sheria, aliifunga hatua ya kubadilishana vipande, na katika mgawanyo wa kwanza akazisukuma kromosomu zote za upande wa baba kwenye seli moja. Aliuona ni ufundi. Hakujiuliza mbegu ya namna hiyo ni ya nani, ilhali ilikuwa ile ile, kromosomu kwa kromosomu, iliyotoka kwa Mzee Mwaisumo siku Lugano alipotungwa. Na huyu ni mtu mwenye shahada tatu!

Kikao cha ukoo cha kumhukumu Atupele kilikuwa saa nane mchana, naye alimtaka daktari akaeleze huko. Ambakisye alisema hawezi kwenda, atanyang'anywa leseni.

"Leseni utaiomba upya," Atupele alimwambia. "Mimi jina langu nitaliomba wapi?"

Akasimama mlangoni, akakataa kutoka mpaka daktari alipochukua koti lake.

Kikaoni Atupele aliketi nyuma ya pazia, kama mila inavyotaka. Ambakisye alieleza, akachora, akarudia tena polepole kwa wazee wagumu wa kuelewa. Walipoelewa, hakuna aliyemwomba mwanamke radhi. Lugano alitazama viatu vyake, mwoga mkubwa.

"Kumbe ni mwanangu," alisema Mzee Mwaisumo, na sauti yake ilijaa furaha ya kuchukiza. "Basi akizaliwa aletwe kwangu. Huyo mwanamke arudi kwao."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Ambakisye alikuwa amekuja kumsafisha mtu, akaishia kumpokonya mtoto, na kwa mara ya kwanza aliionea haya kazi yake.

Atupele akalivuta pazia. Aliiacha khanga ya usoni ianguke, akapita katikati ya wazee waliokuwa wakigeuza nyuso zao, akasimama mbele ya kiti cha mkwewe na kumkazia macho.

"Mkwe ndiye anayejificha," alisema. "Kama huyu ni mwanao, mzee, mimi ni mama wa mwanao, si mkweo tena. Yumo humu tumboni. Nitazame, uniambie utamchukuaje."

 Mzee Mwaisumo akaivuta kofia yake, akajifunika uso.